Gemu za hadithi: kijana wako anaamua nini pale kwenye simu?

Mama mmoja wa upande wa Kisarawe alitutumia ujumbe wa sauti. Mwanawe wa miaka 19 anaishi kwa mjomba wake Gongo la Mboto, anajifunza ufundi wa magari. Alipokuja nyumbani sikukuu, mama alimsikia akimwambia mdogo wake huku ameinamia simu, “Huyu nilimwacha afe, sikuwa na namna.” Mama alishtuka. Alipouliza, akaambiwa ni gemu tu. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: gemu gani hiyo inayomfundisha mtoto kuchagua nani afe?

Kwanza tutenganishe mambo, maana neno gemu mitaani kwetu limebeba vitu vingi. Kuna vibanda vya gemu, ambako vijana hulipia kwa mechi, wanashika pedi na kucheza mpira kwenye TV. Kuna mashine za dubwi, unazotumbukiza sarafu ukitegemea zikutapikie nyingi zaidi. Hiyo ni kamari, tuiite kwa jina lake. Anachocheza kijana wa mama huyu ni kitu cha tatu, kisichozoeleka sana kwetu: hadithi inayoonekana kama filamu ya katuni, inakwenda sehemu kwa sehemu kama tamthilia ya redio, lakini kila baada ya muda inasimama na kumuuliza anayecheza, “Sasa wewe utafanya nini?” Anabonyeza jibu, na hadithi inaendelea kwa kufuata jibu lake.

Kwa maelezo ya mama, kwamba kuna mbwa mwitu anayevaa shati na tai, na chura anayeongea, tunaamini kijana anacheza The Wolf Among Us. Ilitengenezwa na kampuni ya Telltale Games ya California, Marekani, ikatoka kwa sehemu tano kati ya Oktoba 2013 na Julai 2014. Ilianzia kwenye kompyuta na mashine za gemu, kisha ikaingia kwenye simu.

Hadithi yenyewe imejengwa juu ya ngano. Viumbe wa hadithi za zamani za Ulaya wamekimbia nchi yao na sasa wanaishi kwa siri katika mtaa mmoja wa jiji la New York. Ambao si wa umbo la binadamu, kama yule chura, ni lazima wanunue dawa ya kichawi ya kuwabadilisha sura ili majirani wasiwagundue. Dawa ni ghali. Asiyeweza kuinunua anapelekwa mbali na mji, kwenye shamba, na wengi wanaona huko ni kama kifungoni. Anayesimamia sheria katika mtaa huo ni mbwa mwitu, yule yule aliyekuwa akila watu kwenye ngano. Sasa amegeuka binadamu na ni askari mkuu wa mtaa. Kila mtu anakumbuka alivyokuwa. Wewe unayecheza ndiye unayemwongoza.

Mwanamke mmoja anauawa. Wakati askari anachunguza, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: chura anapiga simu kwamba kwake kuna mtu ameingia, na huku kuna habari za mume wa marehemu, mwana wa mfalme aliyefilisika aitwaye Lawrence, ambaye hali yake haieleweki. Huwezi kwenda kote mara moja. Ukianza kwa chura, ukifika kwa Lawrence unamkuta amekwisha kufa. Ukianza kwa Lawrence, unamwahi akiwa hai. Bila shaka huyu ndiye “niliyemwacha afe”. Kijana hakumuua mtu. Alimkimbilia mwenye shida aliyemuita, na hakujua kwamba huko kwingine dakika zilikuwa zinahesabika.

Mfano mwingine uko sehemu ya tatu, na mimi naona ndio mzito kuliko yote. Yupo mchawi aitwaye Aunty Greenleaf anayeuza dawa ya kubadilisha sura kwa magendo, kwa bei ambayo maskini wa mtaa wanaimudu. Anaitengeneza kutokana na mti alionao nyumbani kwake. Sheria inakataza. Sasa umesimama mbele ya mti huo: uuchome, au uuache na kumtaka mchawi aje afanye kazi upande wa ofisi? Ukiuchoma, umetekeleza sheria, na umewakatia maskini njia pekee waliyokuwa nayo. Ukiuacha, umesema sheria ni kwa baadhi ya watu. Hapa kwetu aliyewahi kungoja huduma halali ya bei kubwa, huku kishoka yuko mlangoni na bei ya nusu, anaielewa habari hii bila kutafsiriwa.

Sasa, uamuzi huo unabadilisha nini? Hapa ndipo wachezaji wengi wenyewe wanapolalamika, kwa sababu ukweli ni kwamba mwisho haubadiliki sana. Uchome mti au uuache, kesi ya mauaji itafika pale pale, kwa mtuhumiwa yule yule.

Sababu yake ni hesabu. Chukua hadithi yenye sehemu za kuamua 10, kila moja na njia mbili. Kama kila njia ingekuwa na hadithi yake kamili, waandishi wangepaswa kuandika miisho 1,024. Zikiwa sehemu 20, miisho inapita milioni moja. Hakuna kampuni inayoweza kuchora, kurekodi sauti na kulipa waigizaji kwa kazi hiyo. Kwa hiyo wanafanya kama mto unaogawanyika kwenye kisiwa: maji yanapita kushoto au kulia, kisha yanakutana tena mbele. Kinachobaki na alama ya ulikopita ni watu. Uliyemdhalilisha anakujibu kwa mkato baadaye. Uliyempa hela yako anakumbuka. Telltale walikuwa na kawaida ya kuandika maneno machache pembeni ya kioo kwamba mtu fulani atalikumbuka hilo, na maneno hayo yalimfanya mchezaji ajute kabla hata hajaona matokeo yoyote.

Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Mimi sikubaliani nao. Katika maisha pia mengi tunayoyaamua hayabadilishi mwisho. Mgonjwa anaweza kufariki hata kama ulikwenda kumwona, lakini watu wa nyumba hiyo wanajua nani alikuja na nani hakuja.

Jambo jingine ambalo mama Kisarawe hakuliona kwa mbali ni muda. Maswali mengi katika gemu hizi huja na mstari mdogo unaopungua. Ukiisha kabla hujabonyeza, mhusika wako anakaa kimya, na kimya nacho kinahesabiwa kuwa jibu. Ndiyo maana kijana alisema hakuwa na namna.

Watu wa Gongo la Mboto hawahitaji kufundishwa maana ya kuamua bila muda. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la jeshi lilipolipuka, zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, maelfu wakakimbia usiku huo huo, na wazazi wengi wakapotezana na watoto wao gizani. Hakuna gemu inayofanana na usiku ule. Gemu unaweza kuizima ukanywa chai. Lakini waandishi wake wameuona ukweli huo huo: mtu akipewa siku tatu atachagua jibu linalomfanya aonekane mwema, na akipewa sekunde tano atachagua lililomo ndani yake. Kwa hiyo ukisikia kijana amechagua jambo baya kwenye gemu, muulize kwanza alipewa muda gani, halafu muulize angepewa siku nzima angefanya nini. Majibu mawili yakitofautiana, hapo mna mazungumzo.

Wasikilizaji wetu wa umri mkubwa wanaweza kudhani haya yote ni mageni. Si mageni sana. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliokwenda kwa miaka, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wengi bado wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na Tunu mkewe. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma kiliachwa makusudi bila mchezo huo, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia.

Michezo ya aina ile huwa na wahusika wa namna tatu. Yupo mbaya, kama Mkwaju. Wapo wema, wanaofanya kila kitu sawasawa. Halafu yupo wa katikati, ambaye bado hajajua aelekee wapi, kama alivyokuwa Tunu kabla ya kuamua kuachana na Mkwaju na kujitegemea. Njia hiyo ilibuniwa na Miguel Sabido, mtayarishaji wa televisheni wa Mexico, na aliona kwamba wasikilizaji hawajifunzi sana kwa mwema wala kwa mbaya. Wanamfuata wa katikati, kwa sababu wanajiona kwake.

Katika gemu ya hadithi, mtu wa katikati umekabidhiwa wewe. Yule mbwa mwitu anaweza kurudi kuwa mnyama aliyeogopwa, au akawa askari anayeaminika, na katika kila ugomvi unaulizwa upige tena au uache. Tofauti na mchezo wa redio ni kwamba Tunu alikuwa na waandishi waliojua jibu sahihi mapema, maana walikuwa wanataka kuokoa maisha. Katika gemu kama hii hakuna anayekupa alama kwa kusamehe.

Nasema “kama hii” kwa sababu zipo nyingine zinazotoa alama. Katika Fable, gemu ya Uingereza ya mwaka 2004, shujaa akitenda maovu anaota pembe kichwani. Inachekesha, ila kwa maoni yangu inaharibu somo, kwa kuwa mchezaji anaanza kuhesabu wema kama anayejaza kibubu. Bibi zetu walikuwa na akili zaidi. Ile ngano ya ndugu watatu, mmoja ana kioo cha kuona mbali, mmoja ana mkeka unaoruka, mmoja ana dawa, wote kwa pamoja wakamwokoa binti: msimulizi anamaliza kwa kuuliza nani amuoe, kisha ananyamaza. Watoto wanabishana hadi wanalala. Jibu halikuwepo, na hakuna aliyelalamika kwamba hadithi haijaisha.

Kubishana huko ndiko kunakokosekana kijana akicheza peke yake na spika za masikioni. Gemu hizi ni za Kiingereza, hivyo mwenye simu analazimika kuwatafsiria waliomzunguka, kidogo kama watafsiri wa filamu katika mabanda ya video. Nimewaona vijana wanne wamekaa kwenye benchi nje ya duka Gongo la Mboto, mmoja anashika simu, watatu wanapiga kelele “mchome!” na “muache bwana!” huku mstari unaisha. Wakati gemu inatoka, sehemu ya pili ilichukua karibu miezi minne kufuata ya kwanza, na watu walikuwa na muda mrefu wa kukaa na walichokifanya. Sasa sehemu zote zipo pamoja na kijana anaweza kuzimaliza usiku mmoja. Mjomba wake anaweza kumwambia acheze sehemu moja kwa wiki na amsimulie. Hiyo haigharimu kitu.

Tahadhari zipo, na ni za kweli. The Wolf Among Us si ya watoto. Ulaya imepangiwa miaka 18, Marekani 17, kwa sababu ya damu, matusi na mambo ya kikubwa. Kijana wa miaka 19 anaruhusiwa, lakini mdogo wake aliyekuwa ameketi pembeni hakupaswa kuwepo. Mama, hilo ndilo la kumwambia mwanao.

La pili ni fedha. Katika maduka ya programu za simu zimejaa gemu nyingine za hadithi, kama Episode na Choices, ambazo kuzipakua ni bure. Ndani yake baadhi ya majibu yamewekewa bei ya almasi au vito, na hivyo vikiisha vinanunuliwa kwa fedha halisi. Mara nyingi jibu la kulipia ndilo tamu zaidi, na la bure linamfanya mhusika aonekane mnyonge au asiyejali. Hapo kijana haulizwi tena lipi ni jema. Anaulizwa ana shilingi ngapi. Kama simu imeunganishwa na njia yoyote ya malipo, ingia kwenye mipangilio ya duka la programu uweke sharti la namba ya siri kabla ya kila manunuzi.

La tatu, usilipie hadithi ambayo haijaandikwa. Septemba 2018 Telltale ilifukuza karibu wafanyakazi wake wote wakati msimu wa mwisho wa The Walking Dead, hadithi yao iliyowapa umaarufu, umefika sehemu ya pili kati ya nne. Waliokuwa wamelipia msimu mzima walibaki wanasubiri. Kampuni nyingine, Skybound, iliuchukua na kuumalizia Machi 2019, lakini haikuwa lazima iwe hivyo. Ukiona gemu inauzwa sehemu kwa sehemu, angalia kwanza kama zote zimeshatoka, halafu ndipo ununue bando la kuipakulia, kwa sababu ni nzito na simu yenye nafasi ndogo haitaibeba.