Gunia la dukani au miti ya malisho?

Wengi wetu tunaoishi Hounslow mshahara tunautoa Heathrow, na sehemu yake inaishia zizini Kilifi, Muheza au Embu. Kiangazi kikishika, simu huja: maziwa yamepungua, tuma pesa ya chakula. Tunatuma, bila kuuliza ni chakula gani, kilo ngapi, na lita ngapi zimeongezeka.

Ng'ombe anayechungwa kiangazi hukosa protini kabla ya kitu kingine. Nyasi zikikauka, protini iliyomo hushuka chini ya asilimia 7. Vijidudu vya tumboni hudhoofika, na mnyama hula kidogo hata malisho yakiwa tele. Kwa hiyo molasi peke yake haitoshi: inatia nguvu, lakini protini yake ni haba. Pumba za mahindi zina takriban asilimia 10. Mashudu ya pamba na ya alizeti yanazidi hapo kwa mbali, ila yakiota ukungu msiyanunue hata kwa nusu bei, kwa sababu sumukuvu hupita mpaka kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Sasa chakula cha kiwandani. Kilo 2 kwa siku ni kilo 730 kwa mwaka, yaani zaidi ya magunia 10 ya kilo 70 kwa ng'ombe mmoja. Zidisha kwa bei ya leo ya duka la kijijini, ongeza nauli ya bodaboda, halafu ulize kama maziwa yanalipa.

Upande wa pili kuna mti wa malisho uitwao kaliandra. Majaribio yaliyofanywa Embu katika miaka ya 1990 na taasisi za utafiti za KARI, KEFRI na ICRAF yalionyesha kuwa kilo 3 za majani mabichi zinafanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha kiwandani, na kwamba kilo hiyo moja huongeza maziwa kwa kilo 0.6 hadi 0.75. Hapo pana kipimo cha kushika: kilo ya chakula ikigharimu zaidi ya theluthi mbili za bei ya lita ya maziwa, unalisha kwa hasara.

Miti 500 inatosha kutoa kilo 6 za majani mabichi kila siku, badala ya zile kilo 2 za kiwandani. Ikipandwa kwa nafasi ya nusu mita, ni mita 250 za ua, na shamba la hekta moja na nusu lina mpaka mrefu kuliko huo. Pwani, chini ya minazi, miti ya lukina nayo hufaa, mradi isizidi theluthi moja ya chakula, maana ina sumu yake iitwayo mimosini.

Lakini miti nayo ina gharama. Miche lazima izungushiwe uzio, la sivyo ng'ombe wataimaliza. Mavuno ya kwanza huja baada ya miezi 9 hadi 12. Na kuna anayekata majani kila asubuhi, mara nyingi mama au shemeji, ambaye kazi yake hatuiweki kwenye hesabu. Alipwe.

Uamuzi wangu: kiangazi hiki tuma pesa ya mashudu safi, pumba na jiwe la chumvi. Mvua za masika zikikaribia, tuma pesa ya miche na uzio. Ng'ombe wa maziwa mengi ataendelea kuhitaji chakula cha kiwandani juu ya majani; wa lita chache, miti inamtosha. Na ukipiga simu, uliza lita kabla ya kuuliza magunia.