Je, Wajua? Printa ya Picha Inaweza Kuandika Pleti ya Ofseti

Je, wajua kuwa uchapaji tunaouita ofseti ulianzia kwa mtunzi wa tamthilia aliyekosa pesa za kumlipa mchapaji? Alois Senefelder alizaliwa Prague mwaka 1771. Aliandika michezo ya kuigiza, na alipoona gharama ya kuichapisha inamshinda, akaanza kutafuta njia yake mwenyewe. Mwaka 1796, kama alivyosimulia baadaye, mama yake alimtaka aorodheshe nguo za kupelekwa kwa dobi. Hapakuwa na kipande cha karatasi karibu, basi akaiandika orodha ile juu ya jiwe la chokaa, kwa wino wa nta, sabuni na masizi. Kufikia 1798 alikuwa ameishika kanuni yenyewe: penye mafuta hapakai maji, na palipolowa maji hapashiki wino. Hakuna herufi iliyochongwa wala iliyoinuka. Jiwe ni bapa, na kazi yote inafanywa na ugomvi wa mafuta na maji.

Kanuni hiyo ndiyo inayoendesha mashine za leo, kuanzia za magazeti hadi Heidelberg GTO, mashine ndogo iliyotoka mwaka 1972 ambayo wachapaji wengi wadogo wanaijua kwa mlio wake. Badala ya jiwe tuna pleti ya alumini, nyembamba kati ya milimita 0.15 na 0.30 hivi, ambayo uso wake umekwaruzwa kwa ustadi ili ushike maji. Na hapa ndipo penye habari njema kwa mwenye mtaji mdogo: pleti haibagui aliyeiandika. Iwe leza ya mamilioni au printa ya picha iliyokwisha kutumika, pleti inataka kitu kimoja tu, yaani mafuta yashike mahali pake na maji mahali pake.

Je, wajua kuwa maandishi ya pleti ya ofseti husomeka sawasawa, wala hayageuki kama kwenye kioo? Pleti haigusi karatasi. Inachapa kwanza kwenye blanketi la mpira, na blanketi ndilo linalochapa karatasi. Mwaka 1904, huko New Jersey, Marekani, Ira Rubel aliona kuwa karatasi ikikosa kuingia mashinani, picha hubaki kwenye mpira, kisha karatasi inayofuata huipokea kwa mgongo ikiwa safi kuliko ile ya upande wa mbele. Kosa hilo la kulisha karatasi likawa mashine mpya.

Kwa miaka mingi pleti zilichomwa kwa filamu: unatoa filamu, unailaza juu ya pleti yenye dawa, unamulika, unaosha. Kisha kompyuta zikaanza kuandika pleti moja kwa moja. Wachapaji huuita mfumo huo CTP, na kwenye maonyesho ya drupa ya mwaka 1995 kule Düsseldorf, Ujerumani, ndipo ulipojitokeza kwa kishindo. Filamu ikaanza kutoweka. Lakini mashine hizo za leza ni ghali, kwa hiyo mchapaji mdogo hubeba faili lake kwenye flashi, akaenda kwa mwenye mashine na kulipia kila pleti. Kazi ya rangi kamili inataka pleti nne. Ikitokea kosa la herufi moja, anarudi tena barabarani. Muda na faida yake vinaishia hapo, na ndiyo maana naona printa ya wino inastahili kupewa nafasi.

Je, wajua kuwa njia ni mbili? Ya kwanza ni kuichapa alumini isiyo na dawa yoyote kwa wino maalumu unaopenda mafuta, kisha kuipika pleti kwenye tanuri ili wino ushikamane na chuma. Ya pili inatumia pleti za kawaida za pozitivu. Printa inachora picha kwa wino mzito unaozuia mionzi ya urujuanimno, pleti inamulikwa, kisha inaoshwa. Palipopigwa na mwanga dawa inayeyuka, na palipofunikwa na wino dawa inabaki, nayo ndiyo picha. Wino wenyewe huondoka wakati wa kuosha. Kwa anayeanza, ningemshauri njia hii ya pili, maana pleti hizo zipo madukani na fundi wa zamani wa filamu tayari ana meza ya kumulikia.

Mafundi wengi waliojaribu wameanza na printa za Epson, na sababu iko ndani ya kichwa cha printa. Canon na HP hupasha wino moto mpaka utoe kiputo kinachosukuma tone. Epson, tangu mwaka 1993, hutumia kipande kinachojikunja kikipitishiwa umeme. Tabia hiyo ya fuwele kuhusiana na umeme iligunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kwa kuwa wino hauchemshwi, kichwa hicho huvumilia vimiminika vya aina nyingi. Kwenye Stylus Pro 4880 kila rangi ina matundu 180, na tone dogo kabisa ni pikolita 3.5. Kijiko cha chai cha mililita 5 kingetoa matone ya namna hiyo zaidi ya bilioni 1.4!

Unene wa pleti si tatizo kubwa, kwani printa hiyo hupokea hata kadibodi ya milimita 1.5 ikiingizwa kwa njia iliyonyooka. Tatizo ni utelezi. Magurudumu yaliyoundwa kwa karatasi huteleza juu ya chuma, na pleti ikiteleza hata kidogo, rangi nne hazilingani. Mng'ao wa alumini nao huchanganya vihisi vinavyotafuta ukingo wa karatasi. Tena ukingo wa pleti ni mkali. Ukiinuka kidogo, utakwaruza matundu na kichwa kimekwisha. Ndiyo maana wengi huibandika pleti juu ya kibao chembamba kinachoingia nayo, na huweka kipasha joto chini ili wino ukauke kabla haujatambaa.

Je, wajua kwa nini picha za pleti ya leza huwa laini zaidi? Ni hesabu tu. Leza ya nukta 2,400 kwa inchi, ikichapa mistari 150 ya nukta za picha kwa inchi, ina viboksi 16 kwa 16, yaani 256, vya kujengea kila nukta. Printa ya nukta 1,440 inapata 92 hivi. Kwa risiti, mabango, vitabu vya shule na kadi za harusi, hiyo inatosha kabisa. Kwa jarida la mitindo, bado nenda kwa mwenye leza.

Programu ya kugeuza ukurasa kuwa nukta nayo si lazima inunuliwe. Ghostscript, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1988, hupatikana bure, na inaweza kuichambua PDF ikatoa faili la nukta la kila rangi. Pleti ya ukubwa wa A3 kwa nukta 1,440 kila upande ina karibu nukta milioni 400, mzigo ambao kompyuta ya kawaida inaubeba.

Kuna kazi moja ambayo wengi huiruka pleti ikishakuwa tayari, nayo ni kuipaka gundi ili sehemu tupu zisishike uchafu wala wino. Senefelder aliitumia gundi hiyo kwenye mawe yake. Hutoka kwenye aina ya mgunga, nchi inayoongoza kwa kuizalisha ni Sudan, na huvunwa pia Turkana, Samburu na Marsabit, kaskazini mwa Kenya.