Ukifika Kalemie na njaa, utakula wapi?

Bahari iko mbali nasi, lakini bandari tunayo. Mama anayetoka Kasongo kupitia Kongolo na Nyunzu, au anayeshuka kutoka Kabambare na magunia yake ya mchele, anafika Kalemie, mji ambao wazee wengine bado wanauita Albertville. Amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, na pesa ya mtaji amefunga kiunoni. Kabla ya kuuliza bei za soko anauliza atakula wapi.

Tuanze na asubuhi, kwa sababu ndipo Kalemie inakula vizuri. Wavuvi wa ziwa Tanganyika wanafanya kazi usiku, kwa taa. Ndakala wanafuata mwanga, na mikebuka wanawafuata ndakala. Mitumbwi inapofika ufukweni, wamama wapishi tayari wana makala yenye moto, na samaki aliyetoka majini usiku huo anafika kwenye sahani yako akiwa bado mtamu. Kwangu mimi, hakuna restora ya mji inayoshinda hapo. Lakini tazama mwezi kabla ya kupanga safari! Usiku wa mbalamwezi taa haina nguvu, samaki wanapungua na bei inapanda. Tena nchi 4 za ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Katika miezi hiyo usishangae ukiambiwa leo kuna maharagwe tu.

Mchana, kaa karibu na soko. Hapo utapata bukari, sombe ya mawese, lenga-lenga na kipande cha samaki wa kukaanga. Sisi wa Maniema tuna shida yetu: tumezoea wali tangu wafanyabiashara wa Zanzibar walipoleta mpunga kwetu katika karne ya 19, na mtu wa Kasongo anaweza kumaliza bukari yote, akanawa mikono, kisha akasema hajala. Wali upo, ila uulizie mapema, kabla sufuria haijaisha. Na uliza bei ya sahani nzima kabla ya kukaa, samaki pamoja na mboga, maana bei ya bukari peke yake inadanganya.

Hoteli za kando ya ziwa ni nzuri kwa arusi au ukialikwa. Kwa mama mwenye mtaji mdogo, sahani moja ya huko inakula faida ya siku nzima.

Sasa jambo ambalo hatuwezi kulipita. Kalemie ni mojawapo ya miji ya nchi yetu ambapo kolera inarudi mara kwa mara, hasa wakati wa mvua. Kwa hiyo usichague mpishi kwa harufu ya mafuta peke yake. Angalia kama ana ndoo yenye kifuniko na sabuni ya kunawa. Angalia sahani anaziosha katika maji gani, maana beseni moja la asubuhi mpaka jioni ni hatari hata kama samaki ni mtamu. Kula kinachotoka motoni, kikitoa mvuke. Kachumbari uiache, na matunda uyamenye mwenyewe. Maji ya ziwa yanaonekana masafi, lakini usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Ukibeba mtoto mgongoni, mbebee na maji yake.

Kuhara kwa kolera kunafanana na maji yaliyooshea mchele. Ukikuona, usingoje pikipiki ya kurudi Kabambare, nenda kituo cha afya palepale. Ukiwa njiani kwenda huko, kunywa maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kidogokidogo bila kuacha. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Kwa wale wa nyumbani, nunua ndakala waliokauka kabisa. Mvunje mmoja kwa vidole: akivunjika kama kijiti, atafika. Akipinda tu, bado ana maji ndani, na gunia litaanza kunuka kabla hujafika Nyunzu.