Kompyuta na Mwandishi: Tutumie Programu Gani?



Wenzetu wanaofanya kazi ya kuandika hapa Grande Barrière wametuuliza mara nyingi: ni programu gani ya kuandikia inayomfaa mtu mwenye mfuko mdogo? Swali hili si la watunzi wa vitabu peke yao. Makatibu wa vyama vya ushirika wanaoandika kumbukumbu za mikutano, madeklara wanaotayarisha hati za mizigo, wapiga chapa wa sekretariati za mpakani, na vijana wanaotunga michezo na hadithi, wote riziki yao imo katika maandishi.

Jibu letu tunalitoa mapema: ni LibreOffice, nayo ni ya bure. Lakini tungependa mwanachama ajue sababu, kwa kuwa kitu cha bure hutiliwa shaka, na si vibaya kukitilia shaka.

Katika miaka ya 1980 programu ya WordPerfect iliuzwa kwa dola 495 huko Marekani. Ilikuwa ghali, lakini aliyeinunua aliimiliki. Siku hizi Microsoft Word hutolewa zaidi kwa ada ya mwezi au ya mwaka, kama kodi ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayepanga bei. Mwezi Januari 2025, huko Marekani, ada ya mwaka ya mtu mmoja ilipandishwa kutoka dola 69.99 hadi dola 99.99. Asiyelipa huweza bado kufungua hati zake na kuzichapisha, lakini programu iliyo katika kompyuta yake haimruhusu kusahihisha hata herufi moja. Hebu tumfikirie katibu mwenye barua ya madai ya mwenzetu aliyeachishwa kazi: kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuipeleka, na jina la mwajiri limekosewa.

Kwa hiyo wengi hukimbilia nakala za wizi. Mfuko wa plastiki utazuiwa hapa mpakani, maana Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008, lakini virusi vya kompyuta hupita ndani ya flashi bila kuulizwa pasi. Flashi moja ikizungushwa katika sekretariati tatu inaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima.

LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010, wataalamu wa kujitolea walipojitenga na programu ya OpenOffice.org. Shirika linaloilea, The Document Foundation, liko Berlin, Ujerumani. Mtu mmoja akiishusha kutoka intaneti, ofisi nzima inaweza kuinakili kwa flashi, na huo si wizi, kwa kuwa leseni yake inaruhusu. Tena hufungua hata faili za zamani za WordPerfect ambazo baadhi ya ofisi bado zinazo. Wala tusidhani kwamba ni mali ya wageni tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yenye maelekezo ya Kiswahili, baada ya watu kukaa kitako na kutafuta neno kwa neno lugha ya kompyuta.

Matatizo yapo. Hati iliyotengenezwa kwa Word huenda ikafunguka mistari imehama na majedwali yamepinda. Mara nyingi kisa ni umbo la herufi: kompyuta isiyo na Calibri huweka nyingine mahali pake. LibreOffice huja na Carlito, ambayo upana wake ni sawa na Calibri, na jambo hilo huokoa mengi. Barua iliyokwisha itumwe kwa PDF, isibadilike njiani. Anayetakiwa kuisahihisha apewe ya docx. Ya kuhifadhi miaka mingi iwekwe katika odt, muundo uliokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2006 na ambao hauhitaji ruhusa ya kampuni yoyote.

Jambo la lugha lisipuuzwe. Hapa hupita Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na programu inataka kuambiwa unaandika kipi, la sivyo ukurasa wote utajaa mistari myekundu. Kamusi yake ya Kiswahili inafuata Kiswahili sanifu. Ukiandika "mayi" kama wasemavyo ndugu zetu wa Goma, itakuonya. Katika barua ya ofisi, sahihisha. Katika maelezo ya shahidi, acha neno lilivyotoka kinywani mwake.

Wasio na kompyuta wanaweza kutumia Google Docs katika simu. Ni ya bure, nayo inafaa watu wawili wanaosaidiana hati moja, lakini mtandao ukikatika, au neno la siri likisahaulika, kazi inaweza kusimama. WPS Office ya Wachina ni nyepesi na inafanana na Word, ila ile ya bure ina matangazo. Sisi tungeanza na Collabora Office, iliyojengwa juu ya LibreOffice, ambayo hufanya kazi katika simu za Android bila malipo.

Na wewe unayepigiwa chapa barua yako kwenye sekretariati, usiondoke na karatasi tu. Omba faili yenyewe, ya odt au docx, iwekwe katika flashi yako kabla hujalipa. Sekretariati ikifungwa au mashine ikiharibika, ile inayobaki humo huenda ndiyo nakala pekee.