Kabla ya Kuuza Kiwanja kwa Ajili ya Udaktari wa Meno

Baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja wa mtaani kwetu aliingia katika ofisi ya msikiti akiwa na barua ya mwanawe, aliyepata nafasi ya kusomea udaktari wa kinywa na meno ng'ambo. Wakala alimpa siku chache tu za kulipa, na mnunuzi wa kiwanja alikuwa ameshapatikana.

Nilimuuliza: je, shahada ya chuo hicho inatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania? Wakala hakuwahi kulitaja jambo hilo. Ilhali pasipo kutambuliwa huko, kijana atakwama mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na asiyesajiliwa haruhusiwi kutibu hata jino moja.

Swali la pili ni la mikono, kwani kazi hii hujifunzwa kwa vidole. Mzazi aulize chuo kina viti vingapi vya matibabu, na mwanafunzi huanza kuhudumia wagonjwa mwaka gani. Picha za majengo ya kupendeza hazijibu hayo.

Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Muhimbili hufundisha fani hii kwa miaka 5, kisha hufuata mwaka wa utarajali. Maandalizi huanzia kidato cha tano: Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu. Fizikia ndiyo huwaangusha wengi, hasa mabinti, ambao mara nyingi sisi wenyewe ndio tuliowatisha.

Mzee aliikunja barua yake, akaomba simu ampigie mnunuzi amwambie asubiri.