Makindu: Mji Unaomlisha Msafiri

Je, msomaji, umewahi kwenda Mombasa kwa barabara, mchana, ukiwa macho? Wengi wetu hupanda basi la usiku, tukaamshwa Mtito Andei kunywa chai, kisha tukalala tena. Hivyo ndivyo Makindu inavyotupita.

Nchi ya Wakamba ni kavu, kuanzia Tseikuru kule kaskazini mwa Kitui hadi mpaka wa mbuga ya Tsavo. Ukishapita Emali ni vichaka vya miiba na vumbi jekundu tu. Kisha, yapata kilomita 170 kutoka Nairobi, unaufikia mji uliopewa jina la mikindu, ile miti ambayo ukindu wake akina mama wa pwani husukia mikeka. Mkindu hupenda chemchemi na kingo za mito. Kwa hiyo jina hilo lenyewe lilikuwa habari njema kwa msafiri wa nyika: hapa pana maji.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Kila mwanafunzi anakijua kisa cha simba wa Tsavo wa 1898, lakini ni wachache waliosimuliwa habari za Masingasinga wa reli waliokuwa wakikutana Makindu kusali chini ya mti. Mwaka 1926 hekalu lilijengwa, nalo lipo hadi leo karibu na barabara kuu.

Hapo anakaribishwa kila mtu, awe mkurugenzi au utingo wa lori. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi, unapewa chapati, dengu, wali na chai. Hakuna anayekuuliza dini wala kabila, wala huletewi hesabu ya kulipa. Nyama, pombe na tumbaku ni mwiko. Aliyechoka hupata hata chumba cha kulala. (Wapo wanaopageuza hoteli ya bure, wakashiba na kuondoka bila hata kusema asante. Hiyo si tabia ya kuwaonyesha watoto.)

Lakini mji wa barabarani huishi kwa watu wanaosimama. Tangu reli mpya ifunguliwe mwaka 2017, abiria wengi hufika Mombasa kwa saa tano au sita. Treni hiyo ina vituo vya abiria Emali na Kibwezi, Makindu hupitwa. Sisi wa jijini twaifurahia, na kwa haki. Ila kwa mama anayepanga maembe, machungwa na vyondo kando ya lami, kila tiketi ya treni ni mteja mmoja aliyepungua.

Mkiwa na gari, ondokeni Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajajaa barabarani. Kufikia saa tatu hivi mtakuwa Makindu. Bebeni leso za kufunika vichwa, na watoto wapewe sarafu za kutia wenyewe katika sanduku la sadaka. Maembe nunueni wakati wa kutoka, maana kwa bei ya Nairobi mtayajutia.