Kasi ya Prosesa na Uhaba wa Chipu za Kompyuta za Zamani

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi ndogo mno, nacho hutenda kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya umeme. Mapigo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi moja.

Kompyuta ya nyumbani Amiga 1200, iliyotolewa na Commodore mwaka 1992, ilitumia prosesa ya Motorola 68EC020 yenye megahezi 14 hivi. Mwaka 1994 Motorola ilitoa prosesa 68060 ya megahezi 50. Je, kasi iliongezeka mara tatu na nusu tu? La. 68060 yaweza kumaliza amri mbili katika pigo moja, ilhali ile ya awali huhitaji mapigo kadhaa kwa amri moja. Tena ina ghala kubwa zaidi la kumbukumbu ndani yake, hivyo haingoji mara kwa mara kumbukumbu ya nje iliyo nzito. Idadi ya mapigo peke yake, basi, si kipimo cha kazi.

Mwaka huohuo wa 1994 Commodore ilifilisika, na Apple ikaanza kuuza kompyuta zenye prosesa za PowerPC. Soko la 68060 likawa finyu, na hatimaye utengenezaji wake ukakoma. Wenye mashine hizo sasa hutegemea akiba iliyosalia na chipu zilizong'olewa katika mitambo mikuukuu.

Penye uhaba hila hazikosekani. Zilitengenezwa 68060 za aina tatu: kamili, LC, isiyo na kitengo cha hesabu za desimali, na EC, isiyo na kitengo hicho wala kile cha kusimamia kumbukumbu. Wadanganyifu hukwangua maandishi ya chipu pungufu na kuandika jina la ile kamili. Mnunuzi hugundua hasara yake pale programu inapokwama.

Hata hivyo, ndani ya chipu mna namba ya utambulisho isiyokwanguka. Kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, chipu kamili hujibu 0430, na zile pungufu 0431. Programu fupi yatosha kuisoma.

Wahandisi wengine wameacha kuzisaka chipu hizo, wakatumia chipu zinazoweza kupangwa upya ziige prosesa ya zamani. Lakini kwa anayenunua ile ya asili, kanuni ya maabara inabaki ileile: lebo huandikwa na mtu, ukweli huthibitishwa kwa kupima.